Safari ya Walungu: Mnyororo Usikazwe Mno

Msafiri atokaye Bukavu kwenda Walungu huliacha Ziwa Kivu mgongoni, hupita mitaa ya Panzi iliyojaa watu, kisha huanza kupanda. Ziwa lenyewe liko juu, kiasi cha meta 1,460 kupita usawa wa bahari. Lakini Mshi akikuambia kwamba "kwetu ni kupanda", ujue kwamba anasema kweli. Njia huzunguka kilima, hushuka bondeni penye mashamba ya kinamasi, huvuka kijito, halafu hukwea kilima kingine kirefu kuliko cha kwanza. Kwa hesabu ya kilometa safari si kubwa. Ni zipatazo 45 tu, upande wa kusini-magharibi. Kwa hesabu ya mifupa ya msafiri, ni nyingi zaidi.

Hiyo ndiyo Bushi, nchi ya Washi. Wilaya ya Walungu ina tawala mbili za jadi, Ngweshe na Kaziba, na kila moja ina Mwami wake. Migomba huzunguka nyumba, na chini yake hupandwa maharage. Mabondeni viazi na mboga hulimwa katika matuta yaliyoinuliwa juu ya maji. Vilimani imesimama mikaratusi, ambayo ni kuni, ni nguzo, na ni makaa ya kuuza mjini. Wanawake hubeba mizigo mgongoni kwa mkanda upitao kwenye paji la uso, na mgeni akiwaona wanavyokwea mlima wameinama hivyo, huona haya kwa ajili ya mfuko mdogo alioubeba yeye. Salamu ya njiani ni "Asinge!", nayo hujibiwa hata na mtu ambaye mzigo umemkata pumzi.

Imani nayo si ya jana katika nchi hii. Mapadre Weupe walifungua misioni ya Nyangezi mwaka 1906, na Injili ikaikwea milima kwa miguu. Huko Burhale, katika wilaya hii hii, ndiko alikozaliwa mwaka 1926 Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyefanywa Askofu Mkuu wa Bukavu mwaka 1994. Vita vilipoukaribia mji, hakukubali kuwaacha watu wake; aliuawa humo tarehe 29 Oktoba 1996. Vita hivyo, na vile vilivyofuata, vilipita katika vijiji vya Walungu kama moto wa kiangazi. Ng'ombe waliporwa. Kandokando ya msitu, kama kule Kaniola, wako watu waliozoea kulala nje ya nyumba zao kwa hofu ya kushambuliwa usiku.

Barabara zilipoharibika na magari yakawa machache, pikipiki ilishika nafasi yake. Katika Kiswahili cha Kongo wengi huiita tukutuku, na asiyejua sababu na aisikilize inapopanda mlima. Hubeba magunia ya makaa, makreti ya bia, mbuzi aliyefungwa miguu, katekista na vitabu vyake, bibi arusi na shela lake. Hubeba wagonjwa pia. Kijana ambaye shamba la baba yake limegawanywa mpaka halitoshi tena kugawanywa, huona njia mbili mbele yake: kwenda kuchimba, iwe dhahabu ya Mukungwe au madini ya bati upande wa Nzibira, ama kushika usukani wa pikipiki. Na mara nyingi pikipiki si yake. Ni ya mtu mwingine, naye humpelekea huyo mwenyewe kiasi walichopatana kila juma. Kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake.

Mwezi wa Julai mwaka 2019 nilitoka Bukavu pamoja na kijana wa namna hiyo. Alikuwa na umri usiofika miaka 30, baba wa watoto wawili, mpole wa maneno. Njiani alinieleza kwamba alifanya kazi mashimoni kwa miaka miwili. Siku moja ardhi iliporomoka; yeye alitoka, mwenzake hakutoka. Mama yake alimwapisha asirudi huko tena, naye alitii. Tangu siku hiyo pikipiki ndiyo jembe lake.

Aliniomba tuondoke mapema. Mke wa kaka yake alikuwa karibu kujifungua, na mkunga wa zahanati alikuwa ameshauri asikae nyumbani kule mlimani, bali aende kusubiri katika Hospitali Kuu ya Walungu. Kijana alikuwa ameahidi kumchukua saa tisa ya alasiri. Nikamjibu, "Vema, mwanangu, twende." Nami nilikuwa na haraka zangu.

Tulipokwisha kupita Nyantende, tulianza kusikia mlio upande wa chini: ka, ka, ka, kama mtu agongaye bati kwa kijiti. Mteremko ulipokuja mlio ulinyamaza. Mlima ulipokuja ulirudi. Kijana alisimama, akainama, akagusa mnyororo. Ulikuwa wa moto, tena umekazika kama uzi wa zeze.

"Jana jioni niliukaza mwenyewe, Baba," akasema. "Ulikuwa umelegea ukipigapiga. Nimeukaza hata hautikisiki."

Nami, kwa ujinga wangu, nikamsifu. Nikasema pia neno ambalo nililijutia baadaye: "Twende tu, tutautazama vizuri tukifika Walungu." Mtu mzima akimhimiza kijana, kijana hutii. Tukaendelea.

Katika mlima uliofuata mnyororo uliruka. Pikipiki ilisita, ikashtuka kwa nguvu, ikasita tena, kisha ikaanza kurudi nyuma. Kijana alikanyaga breki na kutia miguu yote miwili vumbini. Mimi nilishuka bila adabu, nikaangukia magoti. Wanawake waliokuwa wakipanda na mizigo yao walisimama kututazama. Mmoja wao, mtu wa makamo, alicheka kidogo, kisha akatua kikapu chake na kutusaidia kusukuma. Ndipo nilipowaza: kama lingetokea alasiri ile, aliyeketi nyuma akiwa si mimi bali yule mama mjamzito, ingekuwaje?

Tulisukuma mpaka Mugogo, penye soko linalojulikana na kila mtu wa njia hii. Wakulima wa Ngweshe huleta humo maharage, ndizi, mbuzi na kuku, na wachuuzi wa Bukavu huwajia. Pembeni, chini ya kipande cha bati kilichowekwa juu ya nguzo nne, tulimkuta fundi. Alikuwa mzee mwenye mvi, amevaa koti la zamani lililoloa mafuta, na vyombo vyake vimepangwa juu ya gunia kama vyombo vya altare: spana kwa spana, ndogo hata kubwa. Baadaye nilisikia kwamba asili yake ni Kaziba. Sikustaajabu. Kaziba imejulikana tangu zamani kwa wahunzi wake, watu waliofua majembe na visu kabla ya chuma cha Ulaya kufika katika milima hii. Mjukuu wa mhunzi ameshika spana badala ya nyundo. Chuma ni kile kile.

Fundi hakuuliza mengi. Aliisimamisha pikipiki juu ya stendi yake ili gurudumu la nyuma lielee, akalizungusha kwa mkono polepole, huku kidole chake kikiugusa mnyororo kwa chini. Mahali pengine mnyororo ulikuwa mkavu na mgumu kama fimbo. Gurudumu lilipozunguka nusu, ulilegea.

"Nani aliyekaza hivi?"

"Ni mimi, Mzee," kijana akasema.

"Uliukaza mahali ulipolegea. Kwa hiyo pale ulipokuwa mfupi umekuwa kama kamba ya mti wa kunyongea."

Kisha akatoa mkono wa gia, akafungua kifuniko cha upande wa kushoto wa injini, akakwangua tope jeusi la vumbi na mafuta lililojaa humo. Likaonekana gurudumu dogo la meno, ambalo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huliita sproketi ya mbele. Msomaji asiyeijua mashine na atazame hivi: injini huzungusha gurudumu hilo dogo, hilo huuvuta mnyororo, na mnyororo huzungusha gurudumu kubwa la meno lililo nyuma. Nguvu yote ya injini, na mzigo wote wa abiria na magunia, hukutana katika meno yale machache ya mbele. Katika pikipiki yetu yalikuwa 14. Ya nyuma yalikuwa 42. Basi la mbele huzunguka mara tatu la nyuma lizungukapo mara moja, na kila jino lake hufanya kazi mara tatu ya jino la nyuma. Ndiyo sababu la mbele huwahi kuchakaa.

Meno yale 14 hayakuwa tena meno. Yalikuwa yamelika upande mmoja, yakapinda na kuchongoka kama ndoana za wavuvi. Ndoana hushika, na mnyororo ukikamatwa hivyo hauwezi kuachia kwa wakati wake, hupanda juu ya jino na kuruka.

"Hili ulibadilisha lini?" fundi akauliza.

Halikubadilishwa. Wakati wa Pasaka mwenye pikipiki alinunua la nyuma peke yake, kwa kuwa fedha hazikutosha, na la mbele na mnyororo vikaachwa kama vilivyokuwa. Fundi akatikisa kichwa. Akatoa kibano kidogo cha kiungo cha kufungia, akauvua mnyororo, akautundika kwenye msumari kando ya mnyororo mpya. Vyote viwili vilikuwa na viungo 108. Wa zamani ulizidi kwa chini karibu upana wa vidole viwili.

"Watu husema mnyororo umevutika," akanieleza, kwa kuwa aliona ninatazama. "Chuma hiki hakivutiki kama mpira, Bwana. Ndani ya kila kiungo mna kijiti cha chuma na kibomba chake. Vumbi likiingia, hulika kidogo sana. Lakini kidogo mara 108 ni vidole viwili. Sasa mnyororo mrefu hauketi sawa katika meno mafupi. Nikikupa gurudumu jipya na mnyororo huu, kabla ya Krismasi gurudumu nalo litakuwa ndoana."

Nikaukumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya divai mpya na viriba vikuukuu. Fundi huyu hakuutaja, lakini aliuhubiri kwa vidole.

Mnyororo wa namna hiyo si kitu cha asili ya huku. Aliyeutengeneza ni Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Ulitumika viwandani na katika baiskeli kabla ya pikipiki kuupokea. Wabelgiji wa Herstal, katika kiwanda cha FN, walijaribu mapema kuukwepa: mwaka 1905 walitoa pikipiki yenye mitungi minne iliyozungusha gurudumu kwa fito ya chuma bila mnyororo. Ilikuwa mashine nzuri, lakini katika miaka ya 1920 mnyororo ukarudi hata kwao. Sababu yake utaiona chini ya bati la Mugogo. Mnyororo ni rahisi, ni mwepesi, na mtu mwenye spana tatu anaweza kuubadilisha kando ya njia. Ila hudai kitu kimoja, yaani kuangaliwa.

Sasa likaja neno la fedha, nalo ndilo lililokuwa gumu kuliko nati zote. Fundi alitaja bei ya gurudumu na bei ya mnyororo. Kijana alitoa mfukoni bahasha iliyokunjwa, akaitazama, akairudisha. Ilikuwa fedha ya juma ya mwenye pikipiki, naye alipaswa kuipeleka jioni ile. Nje ya hiyo alikuwa na fedha ya gurudumu tu.

"Mzee, nifungie gurudumu peke yake. Mnyororo tutaurudisha huo huo. Nitaufupisha kiungo kimoja."

"Utaufupisha, lakini hutauponya."

"Basi nifungie hivyo hivyo. Nina mgonjwa wa kumchukua saa tisa."

"Kwa sababu una mgonjwa, sifungi hivyo," fundi akajibu, akaketi juu ya kigoda chake na kuanza kufuta spana. Hakukasirika. Alingoja tu.

Kijana alinitazama. Nilifahamu aliyokuwa akiyawaza. Akichelewa kutoa fedha ya juma, aweza kunyang'anywa pikipiki. Na akinyang'anywa pikipiki, limebaki shimo la Mukungwe na kiapo alichomwapia mama yake. Akimbeba shemeji yake kwa mnyororo ule, aweza kuuwahi muda wake na kumpoteza mtu wake. Nilikuwa na nauli yake. Nikamlipa yote papo hapo, ya kwenda na ya kurudi, kwa kuwa haraka yangu ilikuwa imeongeza mzigo wake. Bado haikutosha.

Ndipo alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa gumu kuliko kuusukuma mlima. Alichukua simu akampigia mwenye pikipiki, akamweleza yote bila kuficha: kwamba gurudumu limekwisha, kwamba yeye mwenyewe aliukaza mnyororo kwa ujinga, kwamba anataka kuitumia fedha ya juma kwa matengenezo. Tulisikia sauti ya ukali ikitoka katika simu. Kijana hakujibu ukali, alisema tu, "Ndiyo, Baba. Ndiyo, Baba. Fundi huyu hapa." Akampa mzee simu. Mzee akaongea kwa Kimashi, maneno machache, akaeleza juu ya vidole viwili na ndoana. Mwishowe mwenye mali alikubali kuchukua nusu ya gharama, na nusu iliyobaki ikagawanywa kwa majuma manne. Wema huo haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa haki, nayo ilipatikana kwa sababu ukweli ulisemwa kabla ya ajali na si baada yake.

Kazi ikaanza. Mtu anayeendesha pikipiki nyumbani kwake atafaidika akiijua, basi naiandika kwa utaratibu wake. Kabla ya kuuvua mnyororo ule wa zamani, fundi alikuwa amekwisha kutia gia ya kwanza na kumwambia kijana akanyage breki ya nyuma, ili gurudumu dogo lisizunguke. Hapo akalegeza bolti mbili zinazoshika kibati cha kulizuia. Sasa akazitoa kabisa, akazungusha kibati kidogo hata kikapita katika mifereji ya mhimili, akalivuta gurudumu lililochakaa. Alipangusa mhimili kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akautikisa juu na chini, asikie kama beringi zimelegea, kwa kuwa mnyororo uliokazwa mno huuvuta mhimili mchana kutwa na kuziharibu. "Una bahati," akasema. "Ungeendelea mwezi mmoja, tungeifungua injini."

Kijana akauliza kama hakuna gurudumu la meno 13. Wenzake wengi walikuwa nalo. Hupanda milima vizuri zaidi.

"Liko," fundi akajibu, "nalo hupanda kweli. Nguvu ya kuvuta huongezeka kwa sehemu moja katika 13. Lakini injini nayo itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na katika tambarare itakunywa petroli zaidi. Na mnyororo utajikunja katika duara dogo zaidi, utachakaa upesi. Tena nawajua ninyi vijana. Nikikupa nguvu zaidi, utapakia gunia la tatu. Chukua 14, na ubebe magunia mawili."

Akalitia jipya la meno 14, akarudisha kibati na bolti zake, akazikaza. Halafu akaja nyuma, akalegeza nati kubwa ya ekseli na skrubu za kuvutia zilizo pande zote mbili, akalisogeza gurudumu mbele, akauvika mnyororo mpya. Kile kibano cha kiungo cha kufungia alikitia kwa uangalifu: upande wake uliofungika uelekee kule mnyororo uendako, ili jiwe au jani likikigusa lisikifungue.

Kisha akakaza skrubu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, akitazama alama zilizochongwa pande zote mbili, zilingane. "Ukivuta upande mmoja peke yake," akasema, "gurudumu hukaa mshazari, mnyororo huyala meno kwa ubavu, na pikipiki hutaka kwenda shambani." Aliuinua mnyororo wa chini katikati kwa kidole na kupima kwa rula ndogo ya shule: ulicheza milimita 30. Akalizungusha gurudumu, akapima tena mahali pengine, na tena, hata akapajua pale unapokazika kuliko kote. Hapo ndipo alipopatengeneza.

Nilidhani amemaliza. Lakini aliishusha pikipiki chini, akatuambia, "Sasa ketini, ninyi wawili."

Tukaketi. Springi za nyuma zikashuka kwa uzito wetu. Fundi akapiga magoti vumbini, akagusa mnyororo. Uchezo ule ulikuwa umepungua sana, lakini haukwisha. Akatueleza: pikipiki ikipata mzigo, mkono unaoshika gurudumu la nyuma hulala, na gurudumu husogea mbali kidogo na injini, kwa hiyo mnyororo ulio sawa bila mzigo hukazika chini ya mzigo. Aliyeukaza kabisa pikipiki ikiwa tupu, hakuacha nafasi kwa ajili ya abiria. Njia ikimrusha katika shimo, lazima kitu kimoja kikatike: mnyororo, meno, au beringi. Na aliyeulegeza kupita kiasi, mnyororo utamtoka katika mteremko, ujisokote, na gurudumu lisimame ghafula.

"Mpimie mtu akiwa na mzigo wake," fundi akasema, akijipangusa magoti, "usimpimie akiwa mtupu."

Sijui kama alikuwa akisema juu ya pikipiki tu.

Akakaza nati ya ekseli, akaitengeneza tena breki ya nyuma, kwa kuwa gurudumu likisogezwa breki nayo hubadilika, na wengi husahau. Mwishowe akapaka mafuta mazito ya gia kwenye mnyororo, kidogo, upande wa ndani, akapangusa yaliyozidi. Mafuta machafu ya injini, akasema, hukusanya vumbi la kiangazi na kuwa tupa ya kukereza chuma. Akamwagiza kijana arudi baada ya siku chache, maana mnyororo mpya hulegea kidogo mwanzoni, na tangu hapo autazame kila Jumamosi kabla ya kuoga kwa ajili ya Dominika.

Tuliondoka Mugogo saa saba. Mlio wa ka, ka, ka haukuwapo tena. Tulipanda taratibu kati ya mikaratusi, vumbi jekundu likitufuata nyuma, na mabondeni tuliona moshi wa matanuru ya matofali. Kijana hakukimbia. Nilimwuliza kama anaogopa kuchelewa. Akajibu, "Nikichelewa kidogo atanisubiri, Baba. Nikianguka naye, nani atatusubiri?" Alinishusha Walungu, akakunywa maji, akaenda zake mlimani.

Asubuhi yake, baada ya Misa, nilikwenda hospitalini kumwamkia mtu niliyemfahamu. Nje ya wodi ya wazazi nilimkuta kijana wangu ameketi juu ya pikipiki, macho mekundu kwa kukesha. Walifika magharibi, uchungu ulianza usiku, mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, mzima na mama yake. Bibi mmoja alitoka ndani amebeba beseni, akamwona, akamshukuru Nyamuzinda kwa sauti kubwa, jina ambalo Washi walimwitia Mungu tangu zamani. Kijana alicheka. Kisha nikamwona anainama, anaugusa mnyororo kwa kidole, katikati, kwa chini.

Tangu siku ile mambo mengi yamepita juu ya milima hiyo. Mwezi wa Februari mwaka 2025 vita viliingia Bukavu kwenyewe, na njia za Walungu zilisikia tena mlio wa bunduki na miguu ya wakimbizi. Sina habari za kijana yule wala za mzee wa Mugogo, nawaombea. Lakini somo nililopewa chini ya bati lile halikupotea.

Wazazi wapenzi, sisi nasi tunayo minyororo ya kuangalia. Yuko baba anayeikaza nyumba yake hata hakuna awezaye kucheka mezani. Naye hujiona mwangalifu, kwa kuwa hakuna kelele. Yuko mama anayelegeza kila kitu kwa upendo, mpaka siku ya mteremko mtoto anamtoka mikononi. Yuko mume anayevuta upande mmoja tu na kushangaa kwamba nyumba yaenda mshazari. Na sisi sote hupenda kubadilisha kitu kimoja, kile cha bei ndogo, na kuyaacha meno yaliyopinda palepale gizani chini ya kifuniko.

Tufungue kifuniko. Tupime kwa haki, pande zote mbili, tena tumpime kila mtu akiwa na mzigo wake juu ya mabega: mke aliyechoka, kijana mwenye deni, mtoto anayeogopa mtihani. Tuache nafasi ya kidole kimoja. Nafasi hiyo si ulegevu; ndiyo inayouwezesha mnyororo kubeba mtu hadi juu ya mlima bila kukatika.